Aliyekiokota Ni Beldina

Mkutano wa wazazi ulikuwa umefika katikati Beldina Awuor aliposimama. Mwalimu mkuu alikuwa akizungumza Kiingereza tangu alipofungua kinywa, na Beldina, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu wake Akinyi, hakuwa ameambulia chochote ila jina la shule.

"Mwalimu, tuongelee Kiswahili ama Dholuo," akasema. "Sisi wengine hatusikii."

Mwenyekiti wa kamati akatabasamu, akamwambia kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, "Mama, keti tu. Jioni mjukuu wako atakueleza."

Ukumbi mzima ukacheka. Walicheka hata wale waliokuwa hawasikii kama yeye, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Beldina hakuketi. Alisimama hapohapo mpaka mkutano ukaisha, kiti chake kitupu nyuma yake.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwenye mabega mapana ya mtu aliyelima maisha yake yote. Shule aliiacha darasa la nne ili akalee wadogo zake, na wadogo hao wakasoma. Mumewe Gordon alipofariki alimwachia kipande cha shamba huko Seme, kinachoteremka hadi ziwani. Hapo alipanda mtama na viazi vitamu, akauza viazi soko la Kombewa. Binti yake Valarie alikuwa na duka dogo la kusuka nywele Kondele, mjini Kisumu, na kila alipopiga simu alimsihi mama yake apunguze kazi. Badala ya kupunguza, Beldina aliongeza moja. Wiki ileile ya mkutano alikwenda kwenye ukumbi wa kanisa pale Kombewa, palipokuwa na darasa la watu wazima, akasema anataka Kiingereza.

"Cha kuongea ama cha kusoma?" akauliza mwalimu.

"Chote. Usinipunguzie."

Mwalimu huyo aliitwa Wakhungu, mtu wa Busia, mrefu, mwenye koti moja alilolivaa hata wakati wa joto. Vitabu alivyopewa vilikuwa vya watoto wa mbali. Katika ukurasa wa kwanza palikuwa na mvulana akitengeneza mtu wa theluji. Wanafunzi walisoma neno lile la theluji mara nyingi, na kila mmoja akabaki na picha yake kichwani. Mmoja alidhani ni chokaa, mwingine akadhani ni unga wa mahindi. Siku moja Wakhungu akakifunga kitabu kwa kishindo.

"Hii haitatufikisha," akasema. "Juma lijalo kila mtu alete kitu cha zamani kutoka nyumbani. Kitu ambacho nyanya yako alikishika. Tutasomea hicho."

Wakaleta. Mama mmoja alibebesha boda boda jiwe la kusagia, pikipiki ikafika imeinama upande. Mzee Mukhwana, fundi viatu pale sokoni, alileta mkuki wa babu yake ambao mpini wake ulikuwa umeliwa na mchwa. Wengine walileta usinga, kigoda, kikapu cha kunasia samaki. Wakhungu alivipanga juu ya meza ya sakramenti, akaandika kwenye kadibodi habari fupi ya kila kimoja kwa Kiingereza, nao wakaanza kusoma. Hapo ndipo wakati uliopita ulipowaingia. Jiwe lilikuwepo pale mezani, lakini bibi aliyelitumia hakuwepo tena. "She used to grind," akasoma mama wa jiwe, alikuwa akisaga, na machozi yakamlengalenga, kwa maana alielewa kila neno.

Beldina alikuja mikono mitupu. Shemeji yake Oketch alikuwa amevihamisha vitu vyote vya zamani vya boma mara tu baada ya matanga ya Gordon. Alisema ni vya wanaume wa familia.

"Basi utasomea vya wenzako," Wakhungu akamwambia.

"Nitatafuta changu."

Hakujua angekitafuta wapi. Lakini mwaka ule ziwa lilikuwa limefurika, likala mihogo ya watu na choo cha jirani, na liliporudi nyuma kidogo liliacha ukingo wa shamba la Beldina umekatika kama mkate. Asubuhi moja alikuwa akichimba mtaro juu ya ukingo huo, mvua isije ikaubomoa tena, jembe likagonga kitu kilichotoa sauti ya uvungu. Akalitupa jembe, akapiga magoti, akafukua kwa vidole.

Kilikuwa chungu, kimefunikwa kifudifudi. Hakikufanana na vyungu vya kawaida vya huku. Kilikuwa kinene, chekundu kinachoelekea weusi, na pande zote kimechorwa vijistari vya mawimbi, vimesongamana kana kwamba aliyekifinyanga alipitisha ukucha wake tena na tena bila kuchoka. Chini yake palikuwa na makombe ya konokono wa ziwani, lundo zima, pamoja na mifupa ya samaki iliyogeuka rangi ya chai. Beldina alikaa pale matopeni, chungu mapajani, akikipapasa. Alijisikia kama mtu aliyeitwa jina na mtu asiyemwona.

Habari hazikulala. Kesho yake Oketch alifika bomani, kofia mkononi.

"Min Valarie, nimesikia umetoa kitu kwa ardhi," akasema, akimwita mama Valarie kwa Dholuo.

"Umesikia vizuri, shemeji."

"Hiyo kitu ni ya wazee wetu. Mwanamke akiishika hivihivi ataleta chira, laana ya kuvunja mwiko, kwa hii familia. Nipe niiweke mahali pake."

"Mahali pake ni wapi? Pale ulipoweka kigoda cha Gordon?"

Oketch akabadilisha sauti. "Ilitoka kwa shamba la ndugu yangu."

"Ndugu yako alikuwa bwana yangu. Na jembe ni langu, na magoti yaliyoingia matope ni yangu. Karibu chai, lakini chungu huendi nayo."

Hakunywa chai. Aliondoka akisema angerudi siku ya soko na wazee wawili. Siku hiyo ya soko ilipofika, Beldina alikifunga chungu kwa leso, akajitwika, akatoka mchana kweupe. Angeweza kupita njia ya nyuma, kwenye mashamba, lakini alipita katikati ya soko la Kombewa, mbele ya wauza dagaa wa omena na mafundi wa baiskeli, polepole, shingo imenyooka. Oketch alikuwa amesimama na wazee wake karibu na duka la dawa za mifugo.

"Unapeleka wapi hiyo?" akapaaza sauti.

"Shule," akajibu Beldina, wala hakugeuka.

Darasani wote walisimama kukiona. Wakhungu alikizunguka kama mtu anayeogopa kukiamsha, kisha akaandika ubaoni sentensi ya siku ile: "The pot was found in Seme." Akawasomesha. Akaeleza kwamba hiyo ndiyo namna ya kutendwa, chungu kilipatikana Seme. Wote wakaitikia. Beldina akainua mkono.

"Mwalimu, na mimi niko wapi hapo?"

"Hauko, Mama. Kwa sentensi ya namna hii, mtendaji anaweza kuachwa nje kama hajulikani, ama kama si muhimu."

"Mimi sijulikani?"

Watu wakacheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa chake.

"Hata Kiswahili kinafanya hivyo," Wakhungu akajitetea. "Tunasema kilipatikana, kiliokotwa."

"Basi hata kwa Kiswahili sitaki. Niandikie ile nyingine. Ile yenye mtu."

Wakhungu akafuta, akaandika upya, jina la Beldina likawa mwanzo wa sentensi. Beldina akaisoma. Kitenzi hicho cha kupata kilimsumbua, maana alizoea kutia mkia uleule kwa kila kitu, akisema "finded" kama anavyosema "planted". Akasahihishwa, akasema "found", akarudia mpaka mate yakamkauka. Lilikuwa neno fupi, lakini alilishika kama alivyokuwa ameshika chungu chenyewe, kwa mikono miwili.

Ni Wakhungu aliyempigia simu mtafiti mmoja wa mambo ya kale mjini, mwanamke aliyeitwa Rachael Wandera. Alikuja na gari lenye matope, akateremka ukingoni na Beldina, akachunguza makombe na mifupa, akapiga picha. Alisema chungu kilikuwa cha kale mno, kabla ya koo zote zinazoishi Seme leo. Waliokifinyanga hakuna anayejua walizungumza lugha gani. Beldina alilipenda jambo hilo kuliko mengine yote. Aliona kwamba Oketch hakuwa na babu ndani ya chungu kile, wala yeye mwenyewe hakuwa na nyanya. Akakubali kukiazimisha kwa maonyesho yaliyokuwa yakiandaliwa mjini, katika ukumbi mmoja wa kukodi.

Kile ambacho hakukijua ni kwamba Rachael akirudi kwenye gari alikutana njiani na Oketch, aliyekuwa amevaa vizuri na kujitambulisha kuwa ndiye mwenye boma.

Siku ya ufunguzi darasa zima lilikwenda Kisumu. Ukumbi ulijaa wanafunzi wa vyuo, wageni na watu wa magazeti. Chungu kilikuwa ndani ya sanduku la kioo, kimemulikwa taa, kinapendeza hata Beldina akatamani kukisalimia. Chini yake palikuwa na kibandiko cha Kiingereza. Hakumwomba mtu amsomee. Aliweka kidole juu ya kioo, akaenda neno kwa neno, midomo ikicheza. Chungu hiki. Kilipatikana. Seme. Katika shamba la Bwana Oketch.

Akasoma tena tangu mwanzo, labda amekosea. Hakuwa amekosea. Ndiyo yalikuwa maandishi ya kwanza ya Kiingereza aliyoyasoma peke yake nje ya darasa, na yalikuwa yamemwacha nje.

Oketch alikuwa hatua chache tu kutoka pale, ndani ya suti, akipigwa picha.

Beldina akamtafuta Rachael kwa macho, akampata, akamuuliza kwa Kiingereza, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni: "Who found the pot?"

Rachael akashtuka. "Mama Beldina! Karibu. Unajua hiyo lebo inaonyesha tu mahali..."

"Nimeisoma. Inasema kilipatikana. Hakikujipata."

Oketch akasogea haraka, akamnong'oneza, "Min Valarie, unatuaibisha mbele ya watu."

"Ninaaibisha nani? Sema jina."

Beldina akageuka, akasimama mbele ya kioo, na kila mgeni aliyekaribia akamwambia, "I found this pot." Alimwambia mzungu mmoja mwenye kamera, akawaambia wasichana wa chuo, akamwambia na padri. Mlinzi akaja kumwomba asogee, asizuie njia. Beldina akamwambia yeye pia, na mlinzi, kijana wa watu, akajibu, "Hongera, Mama," akarudi mlangoni kwake. Wanafunzi wenzake wakaanza kujipanga pembeni yake bila kuitwa. Mzee Mukhwana alikuwa wa kwanza. Wakhungu alibaki nyuma, mikono ndani ya koti. Alikuwa anajua sentensi nzuri zaidi kumi za kumsaidia, lakini hakutoa hata moja.

Rachael hakuwa mtu mbaya. Alisimama akiwatazama, uso umemwiva, kisha akatoa kalamu na karatasi nyeupe.

"Nisamehe, Mama. Niliandika nilichoambiwa, sikurudi kukuuliza. Niambie niandike nini."

Beldina akavuta pumzi, akatamka kwa Kiingereza, akiliweka kila neno chini kabla ya kuokota jingine: Beldina Awuor alikipata chungu hiki kwa jembe lake.

"Niweke Mrs. Gordon?" akauliza Rachael.

"Gordon nilimpenda sana, lakini siku hiyo hakuwepo. Weka Beldina."

Karatasi ile ikabandikwa juu ya ile ya zamani kwa gundi ya ofisini, imepinda kidogo upande mmoja. Watu wa magazeti waliacha suti ya Oketch wakaja kupiga picha ya karatasi. Oketch aliondoka kabla ya soda kugawiwa. Tangu siku hiyo akikutana na shemeji yake njiani huangalia ng'ombe wa watu, na Beldina humsalimia tu, kwa jina lake lote.

Baadaye kikachapishwa kibandiko kizuri cha plastiki, kikaandikwa "Berdina". Alipopata habari alipanda gari kwenda mjini, akaketi kwenye ofisi mpaka wakakichapisha upya. Walimletea chai mara mbili. Alikunywa zote.

Msisikie hayo mkadhani Kiingereza kilimlainikia. Mtihani wa mwisho wa darasa la Kombewa ulipokuja, Beldina alianguka. Insha ilihusu safari ya ndege, naye hakuwahi kupanda ndege. Aliandika juu ya mtaro wake, na msahihishaji, popote alipokuwa, hakutaka mtaro. Valarie alipiga simu kutoka Kondele siku hiyo hiyo. Nyuma yake mashine ya kukausha nywele ilikuwa ikinguruma.

"Yawa, Mama, si upumzike sasa? Umeshajulikana. Jina lako liko mjini. Unatafuta nini kingine?"

"Kuna hivi vitenzi vyao havifuati sheria," Beldina akasema. "Vimejaa ukurasa mzima. Siwezi kuviacha hivyo, vikinicheka."

"Vitakuua na presha."

"Kama ni kuniua, vitangoja kwa foleni."

Akakata simu, akavaa viatu vyake vya mpira, akateremka kwenye viazi. Jumatatu iliyofuata alikuwa mtu wa kwanza ukumbini. Wakhungu alikuwa hajafika, mlango umefungwa kwa kufuli. Alikaa kwenye ngazi, juani, akaanza kutamka vitenzi vile kwa sauti, kimoja kimoja, na wapita njia wakageuka kumtazama.