Mtu wa Mizani na Nyongeza ya Mwani

Mama yangu mdogo hajawahi kunipigia simu akaingia kwenye habari moja kwa moja. Kwanza nimwamkie, aitikie marahaba, aniulize watoto, anilaumu kwamba nimeisahau Bagamoyo, ndipo aseme alichopigia. Safari hii sikupewa hata nafasi ya shikamoo. "Mtu wa mizani katutoka," alisema, nami nikamsikia akivuta pumzi. Ninyi mnaonisoma hapa kila juma mnajua mimi si mwepesi wa machozi, lakini nilitafuta kiti. Mtu wa mizani ni jina ambalo mama mdogo alimpa jirani yetu wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, wakala wa forodha, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa tamko la bidhaa zinazokwenda nje ya nchi: ni kitu gani, cha namna gani, kina uzito gani. Presha ilimpanda asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa keshakwenda. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kufa si ajabu, sote tuko njiani. Kilichonishangaza ni kwamba habari ililetwa na mtu ambaye kwa misimu mingi ya mwani hakuwa amemsemesha marehemu hata neno moja.

Siwezi kuwaambia kwamba alikuwa mtu rahisi kukaa naye. Alikuwa na ulimi wa pilipili na hakuwa na kiasi katika jambo lolote linalohusu kiasi. Ukimwambia umenunua samaki, atakuuliza samaki gani. Ukisema changu, atauliza mbichi au wa barafu, na ukichelewa kujibu anageuza uso kana kwamba umemtukana mama yake. Siku moja nilikuwa naye Mapinga, kumsindikiza rafiki yetu aliyetaka kununua kiwanja. Dalali, kijana mtanashati, akatuonyesha shamba la mihogo akisema kiwanja kipo karibu na bahari. Jirani yangu akapanda juu ya kichuguu, akazungusha macho pande zote, akashuka akijipangusa vumbi. "Karibu na bahari kwa nani?" akamuuliza mbele ya wateja wengine. "Kwa kunguru?" Wateja wakacheka, wawili wakaondoka, na dalali akamwambia maneno ambayo mhariri wangu hatayapitisha. Rafiki yetu naye alinuna, maana alikuwa amekwisha kukipenda. Huyo ndiye marehemu.

Sasa niwaambie kilichotokea baina yake na mama mdogo. Mama mdogo ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaolima mwani, ule mmea wa baharini unaofungwa kwenye kamba, ukavunwa, ukaanikwa, ukauzwa mkavu. Walikuwa wakimuuzia mchuuzi mmoja aliyekuja na mizani yake mwenyewe, mizani ambayo, kwa maneno ya mama mdogo, ilikuwa na njaa kuliko mwenye nayo. Wakahangaika, wakaombeana dua, hatimaye wakapata mnunuzi wa ng'ambo wa kununua kwao moja kwa moja. Alitaka kontena moja kwanza, aone. Likifika kama walivyoahidiana, wataendelea. Lisipofika, mchuuzi na mizani yake walikuwa wanasubiri palepale pwani, na safari hiyo bei angeipanga kwa kisirani. Kila mwanamke wa kikundi kile alikuwa ameweka msimu wake mzima ndani ya kontena hilo. Mama mdogo akaniita niendeshe gari nimpeleke bandarini Dar es Salaam akaone kwa macho yake, na akataka niandike safu juu ya ushindi wao. Nilikuwa nimekwisha kuipa kichwa.

Kontena lilitangulia juu ya lori, sisi nyuma, na jirani yangu kiti cha mbele amekumbatia mkoba wake. Tamko lilikuwa tayari limeandaliwa, limebaki kuidhinishwa na yeye. Lakini alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna aliyemlazimisha: haidhinishi mpaka lori lipite kwanza kwenye mizani ya magari ya mtu binafsi iliyokuwa katika yadi moja pale Kerege. Mama mdogo alilalamika kwamba meli inafunga kupokea mizigo jioni ile. Akamjibu bila kugeuka kwamba jioni bado. Lori likapanda mizani, likatulia. Karani wa yadi akasoma uzito dirishani. Jirani yangu akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba dereva ashuke, lori lirudi nyuma, lipande upya. Uzito ukawa uleule, na ukitoa uzito wa lori lenyewe, kontena lilikuwa limezidi tamko kwa uzito wa ng'ombe dume aliyenona.

Sijui kama mmewahi kuona watu wanne wakitazamana na kila mmoja anamshuku mwenzake. Dereva akaanza kuapa kabla hajaulizwa, jambo ambalo halikumsaidia. Mimi, nikiri, nilikumbuka habari za watu wanaoficha majongoo bahari na mambo mabaya zaidi ndani ya mizigo ya wanyonge. Jirani yangu akasema fungueni. Mama mdogo akasimama mbele ya mlango wa kontena na kanga yake ameikaza kiunoni.

"Unatuona sisi wauza unga?" akamuuliza.

"Sijui, Bi Mkubwa," akajibu. "Ndiyo maana nataka kufungua."

"Sema basi hapa, mbele ya watu, kwamba unanituhumu!"

"Simtuhumu mtu. Nina uzito ambao sijui ni wa nini, na karatasi yenye jina langu inayosema haupo. Bandarini wakiuona wao kwanza, hawataniuliza mimi kwa adabu, na ninyi hawatawauliza kabisa."

Wakafungua. Magunia ya mbele yakashushwa, yakapekuliwa kwa mkono, yakanuswa. Yote ni mwani mkavu, safi, wa aina ileile iliyoandikwa, hauna mchanga wala unyevu. Wakapima gunia moja kwenye mizani ndogo ya yadi, likazidi kidogo. La pili likazidi. La tatu vilevile. Jirani yangu akakunja uso, maana alikuwa na karatasi ya uzito wa kila gunia kama ulivyopimwa katika banda la kufungashia, na kikundi kile hakikuwa na mtu wa kucheza na mizani. Akamgeukia mama mdogo, na kwa mara ya kwanza siku ile akamuuliza kwa upole: "Baada ya kupima, mlifanya nini?"

Mama mdogo akasema, kama mtu anayeeleza kitu ambacho hata mtoto anakijua, kwamba baada ya kupima, kabla ya kushona midomo ya magunia, kila mwanamke alipita na kapu lake akatia konzi mbili mbili. Nyongeza. Mnunuzi ni mgeni, ananunua kwao mara ya kwanza, utampimiaje mtu kavu kavu namna ile? Kwetu pwani muuzaji akikupimia sawasawa akaishia hapo, unaondoka ukimsema. Hata muuza karanga huongeza punje. Wale wanawake walikuwa wamefanya adabu, na kwa kuwa ni adabu, hakuna aliyefikiri ni habari ya kumwambia wakala. Haba na haba hujaza kibaba, lakini waliosema hivyo hawakutuambia kibaba kikishajaa nani atakitolea maelezo bandarini.

Dereva akacheka kwa nafuu. Mimi nikacheka. Mama mdogo akasema, "Basi andika yaleyale twende zetu. Kilichozidi si cha kuficha, tumetoa kwa moyo." Na hapo ndipo jirani yangu akatuudhi wote. Akakataa. Akasema afisa wa forodha hataona moyo, ataona kontena lenye uzito zaidi ya uliotamkwa, na kilichozidi bila kutamkwa kina jina lake kisheria, nalo si nyongeza. Dereva akapendekeza abadilishe jumla tu, aandike ya mizani kubwa. Akakataa tena. Kila gunia limeandikwa uzito wake ubavuni, na hataidhinisha jumla isiyolingana na sehemu zake. Yapimwe yote upya. Mama mdogo akamsihi, na mama mdogo si mtu wa kusihi. Akamwambia meli inaondoka, akamtajia wajane waliomo kikundini, akamwambia yule mchuuzi anawasubiri. Jirani yangu akavua koti, akalitundika kwenye kioo cha lori, akasema, "Gunia la kwanza."

Tulipima mchana kutwa. Mimi niliyekuja kuandika ushindi niliandika uzito kwenye magunia kwa kalamu ya wino mzito, mgongo unaniuma, macho yangu kwenye saa. Hakuna aliyesema neno lisilokuwa la kazi. Tulipofunga mlango wa kontena, simu ya jirani yangu ililia, ni wakala mwenzake wa bandarini: meli imefunga. Mama mdogo alikaa juu ya tofali pale yadini akalia kwa sauti, na jirani yangu akasimama mbele yake mikono imening'inia, hajui pa kuiweka. Akajaribu kusema kitu. Mama mdogo akamkatiza: "Mungu atakulipa." Kwetu maneno hayo yana pande mbili, na wote pale tulijua ameusema upande gani. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena.

Kontena liliondoka na meli iliyofuata. Mnunuzi alifoka, akatishia kuvunja mapatano, lakini akangoja na akaendelea kununua. Nami nilimchukia jirani yangu kwa muda mrefu, na hata leo sitasema alikuwa na haki yote. Alijua mizani, hakujua watu. Laiti angekaa bandani siku ya kufungasha badala ya kungoja karatasi ofisini kwake, angeona yale makapu yakipita na meli isingewaacha. Kosa hilo lilikuwa lake, na nadhani alilijua, kwa sababu msimu uliofuata alifika bandani bila kuitwa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya wanawake waliomnunia. Hakuwakataza nyongeza. Aliwaambia neno moja tu: "Ongezeni kwanza, ndipo mpime." Kisha akakaa mpaka gunia la mwisho likashonwa. Akafanya hivyo kila msimu. Mama mdogo alizungumza naye kwa kupitia watu, naye amekaa hatua chache tu kutoka kwake. "Mwambieni mtu wa mizani anakanyaga mwani wangu." Naye anajibu, "Mwambieni Bi Mkubwa nimesikia." Wanawake walikuwa wakiziba vinywa kwa kanga wasicheke.

Baadaye kontena la watu wengine wa mwambao lilikamatwa bandarini, kilichotamkwa hakikuwa kilichomo, na kwa muda kila mzigo wa mwani ukawa unafunguliwa na kupimwa. Wengi waliishiwa na subira. Mzigo wa kina mama mdogo ulifunguliwa, wakapima gunia hili na lile, wakafunga, ukapita. Mama mdogo alinisimulia haya kwa kiburi kikubwa, hakumtaja mtu.

Nimefikiri sana juu ya hili tangu tuzike. Sisi ni watu wa makadirio, na makadirio yetu mara nyingi ni ukarimu. Tunasema "niko njiani" ili anayengoja asikate tamaa, tunasema "karibu na bahari" ili mtu afurahi. Tulipokuwa tunauziana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja alijua kupunguza na kuongeza kichwani. Leo mzigo wa mwanamke wa Bagamoyo unakwenda kwa mtu asiyemjua, unapita mikononi mwa watu wasiomjua, na kinachomtetea huko ni maneno machache na tarakimu. Yakipishana na kilichomo, wema wake unageuka ushahidi dhidi yake. Inaniuma kuliandika hili, kwa sababu naipenda nyongeza. Ila niliona kwa macho yangu kwamba ile nyongeza ya konzi mbili ilitufanya watu wanne tushukiane katika yadi ya Kerege.

Siku ya maziko, imamu alituuliza kama ilivyo ada tunamshuhudiaje marehemu, nasi tukaitika kwa pamoja kwamba ni mtu wa kheri. Tuliporudi kutoka makaburini nilipita upande wa wanawake kutoa pole. Mgeni mmoja kutoka Dar alikuwa akimsifu marehemu, kwamba alikuwa mpole, msikivu, hajawahi kumuudhi mtu. Wengine wanaitikia, ndiyo, ndiyo, kama tunavyofanya msibani. Mama mdogo alikuwa amekaa pembeni, kanga imefunika nusu ya uso. Akainua kichwa.

"Mpole?" akasema. "Yule? Jamani, msimwongezee. Alikuwa mkali kama siki, alinikosesha meli, na hakuwahi kuniambia uongo hata siku moja."

Yule mgeni akainamisha macho. Mama mdogo akanitazama mimi, si yeye.

"Mzigo wetu ulipopita bandarini nilikuwa nimlipie asante yake," akasema. "Nikasema atakuja msimu huu, atakaa kwenye ndoo yake, nitamwambia."

Msimu huu wanafungasha mwezi ujao. Wasomaji wangu, kama kuna mtu mnayemlaumu kwa ukali wake na mnadaiwa naye asante, mpelekeeni vyote viwili angali anasikia.