Hisa za Marehemu na Bei ya Ndama

Juzi nilikuwa kwenye benchi la mahakama hapa Babati, nikisubiri kugongewa muhuri. Mbele yangu alisimama mzee mmoja wa Sigino na binti wa marehemu kaka yake, wamekuja kufungua mirathi. Karani akauliza hisa za kampuni alizoacha marehemu zina thamani gani.

"Andika bei aliyonunulia," mzee akajibu, akipangusa kofia yake. "Kikao cha ukoo kimeona zinalingana na ng'ombe wake wawili. Hisa nichukue mimi, binti abaki na ng'ombe."

Binti akainamisha kichwa kwa adabu. "Baba mdogo, mbona ng'ombe mmewaandika kwa bei ya mnadani ya wiki hii? Baba aliwanunua wakiwa ndama."

Karani akaweka kalamu chini. "Hisa nazo zinaandikwa kwa bei ya sokoni, ya siku aliyofariki."

Mzee akacheka kidogo. "Sisi wakulima mambo ya hisa tutayajulia wapi?"

Damu ilinichemka. Ukoo mzima umekaa, umekula, umeweka sahihi, kumpunja yatima mchana kweupe! Halafu eti hawajui. Kama huyajui mambo ya hisa, mzee wangu, mbona katika mali yote ya kaka yako ndizo ulizozitaka?