Kibwana Aliyeitika

"Nikiitwa naitika, hata akiniita jini! Jina nilipewa na baba yangu, nalificha ili iweje?"

Kibwana aliyasema hayo amesimama juu ya ndoo ya barafu, mbele ya mkutano mzima wa wavuvi. Watu wakapiga makofi, kwa sababu pilau ilikuwa haijapakuliwa na hakuna aliyetaka mjadala.

Kikundi chao kimesajiliwa kwa jina refu kuliko mtumbwi wowote walionao, kwa hiyo watu husema tu Kikundi. Kipupwe kikiingia na upepo wa kusi ukachafua bahari ya nje, Kikundi hujirudisha kwenye mito ya delta na kutega wavu wa jarife katikati ya mikoko. Samaki wapo. Tatizo ni ukungu. Asubuhi hushuka mpaka unaishika kafi bila kuiona ncha yake. Ndipo inapokuja kanuni: ndani ya ukungu hakuna kutajana majina. Ukimtaka mwenzako, gonga ubavu wa mtumbwi, naye atakugongea. Ukisikia jina lako, nyamaza, maana hakuna mwanachama anayekuita.

"Kanuni haikuombi uiamini," mwenyekiti wao, Bi Mwanaheri, alimjibu siku ile. "Inakuomba ufunge mdomo."

Kumwomba Kibwana afunge mdomo ni kumwomba kuku apige mswaki.

Asubuhi moja ya kipupwe hichohicho, maji yakipwa, Kibwana alikuwa anavuta jarife peke yake. Mwenzake Hemedy alikuwa kwenye mtumbwi mwingine, mahali fulani ndani ya weupe ule. Akasikia jina lake. Halikupigiwa kelele. Lilitajwa kwa upole, kama mtu anayekuomba chumvi.

"Kibwana."

"Naam!" akaitika kwa kifua kizima. "Nani wewe?"

Kutoka ndani ya mikoko ikaja sauti: "Naam! Nani wewe?"

Alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mikoko haina mwangwi. Tope lile humeza sauti kama linavyomeza ndala. Na sauti ile ilikuwa yake, pamoja na ule mkwaruzo wa sigara.

Hakumwambia mtu. Siku chache baadaye akashikwa na homa, akalala ndani. Mchana akaingia Hemedy, tope mpaka kifuani, macho mekundu.

"Bwana we, utani gani huu? Unaniita 'Hemedy, njoo huku wamejaa', nakuja, maji yananikimbia, nakwama kama mti! Nimejigonga kwenye mizizi mpaka basi!"

"Shemeji, huyu hajatoka kitandani tangu juzi," alisema Safina, mke wa Kibwana. "Kama huamini, muulize uji."

Hemedy alimtazama mgonjwa, akatazama kikombe cha uji, akatoka bila kuaga.

Wakafuata wengine. Kila mmoja alikuwa ameitwa na Kibwana mahali ambapo Kibwana hakuwepo, na daima kwenye tope bovu. Bi Mwanaheri akamwita pembeni.

"Hatukufukuzi, mwanangu. Ila ukiwa majini, usitoe hata kikohozi. Tujue kwamba anayesema si wewe."

"Sawa, Bi mkubwa."

Lilikuwa jibu fupi kuliko yote aliyowahi kumpa mtu.

Kibwana alivua akiwa bubu. Aligonga mtumbwi, alionyesha kwa kidole, alikula kimyakimya. Kwa usalama zaidi akapanda mtumbwi mmoja na Hemedy, wakakaa wakitazamana. Asubuhi ya ukungu mzito, Hemedy akiwa anamwangalia usoni kabisa, sauti ya Kibwana ikasema kutoka mikokoni, "Hemedy." Midomo ya Kibwana ilikuwa imebanwa hata ikapauka. Hemedy akaanza kusoma alichokumbuka cha Kurani, akichanganya sura. Sauti ikanyamaza, kana kwamba inafikiri.

"Safina," ikasema. "Safina, njoo unipokee."

Ilisema mara nyingi, na kila mara kutoka mbali zaidi, upande wa kijijini.

Kibwana hakungoja jarife. Alilikata kwa kisu, akapiga kafi mpaka viganja vikachubuka. Alimkuta Safina nyuma ya nyumba, pale watu wanapochimbia kaa, tope limeshampita magoti, kanga imelowa, anakwenda huku anatabasamu.

"Nakuja, mume wangu, usinikaripie! Si umeniita?"

Kibwana alifungua mdomo amwite arudi, akaufunga. Angemwita kwa sauti ipi? Aliingia topeni, akamshika kiuno, akamvuta. Safina alipigana naye vizuri tu, akigeuza shingo kutazama mikoko, akimwambia yule wa kule asubiri kidogo, kuna mtu anamzuia.

Jumamosi iliyofuata walipanda boti kwenda Nyamisati, wakaendelea hadi mjini Kibiti. Mtumbwi aliachiwa Hemedy, ambaye hautumii.

Sasa wana meza karibu na stendi. Wauzaji wote hupaza sauti mabasi yakisimama, isipokuwa Kibwana, anayefunga mizigo na kutikisa kichwa. Abiria wengi hudhani alizaliwa hivyo. Juu ya meza kuna spika ndogo ya kuchaji, na ndani yake sauti ya Safina iliyorekodiwa inarudia toka asubuhi hadi jioni:

"Kamba wakavu, fungu elfu mbili."