Kijiji cha Uani, Ingleburn

Kwa miezi kadhaa niliamini kwamba mzee wangu wa Ingleburn alikuwa amemzika mkewe uani.

Nasema mzee wangu kwa maana ya kazi. Ninatunza wazee majumbani mwao huku ughaibuni, na huyu nilikuwa namwogesha asubuhi, nampikia uji na kumvisha soksi. Alikuwa Mwingereza, mhamiaji kama mimi, mgane, mwanaakiolojia mstaafu. Nyuma ya nyumba, mahali ambapo majirani wameweka trampolini za watoto kurukia, yeye alikuwa na tuta refu la nyasi lililozungushiwa mawe, na kando yake matuta mengine madogo. Kwetu magharibi mwa Kenya, tuta la namna hiyo karibu na nyumba halihitaji maelezo. Nilipita pale kwa adabu, sikupokea simu pale, na nguo za mzee nilizianika upande wa pili.

Mwenzangu wa zamu ya jioni, mama Mrundi aliyejifunza Kiswahili katika kambi ya wakimbizi Kigoma, alikuwa amefikia uamuzi uleule bila kuniuliza.

"Kaka, na zile ndogo ni watoto?" alininong'oneza tulipopishana mlangoni.

"Usiulize, mama."

"Maskini. Famili nzima!"

Jumamosi moja akaweka maua juu ya tuta refu. Kesho yake mzee aliyaona akiwa dirishani, akataka kujua ni nani aliyepamba zizi la ng'ombe.

Ndipo nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi uani, naye akanitembeza kijijini. Ujanani alikuwa akichimbua kijiji kimoja cha Uingereza kilichohamwa katika zama za kati. Alipostaafu, akiwa bado na mgongo, alikiumba tena hapa kwa sepeto, kidogo kidogo. Tuta refu lilikuwa nyumba ya mkulima: watu upande wa juu na moto wao katikati, ng'ombe upande wa chini, wote chini ya paa moja la nyasi. Bonde jembamba kati ya matuta lilikuwa barabara, iliyochimbika kwa kwato na magurudumu. Wale watoto wetu marehemu walikuwa nyumba za majirani.

"Waliuawa na tauni?" nikauliza, ili nionekane nimesoma.

"Kila mtu husema tauni," akajibu kwa uchovu. "Tauni iliwapunguza tu. Waliobaki walifukuzwa. Mwenye ardhi aligundua kwamba kondoo wana faida kuliko wakulima, na hawabishani."

Nilipomsimulia mwenzangu, alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Kwa hiyo hata mzungu alilala na ng'ombe, halafu akafukuzwa kwake?"

"Zamani sana, mama."

"Walipelekwa kambi gani?"

Nilifikisha swali. Mzee akasema hakuna aliyejali kuandika.

Kisha mwanawe akaamua kujenga kijumba cha kupangisha uani. Hapa huitwa nyumba ya bibi, ingawa bado sijamwona bibi anayeishi ndani ya mojawapo. Mwana huyo alikuwa muungwana, msimamizi wa ghala Smithfield, na hati ya nyumba ilikuwa tayari kwa jina lake. Kodi ya mpangaji ingegharamia matunzo ya mzee, yaani mimi. Kwa hesabu hiyo nilikuwa upande wa kondoo.

"Baba, ni udongo tu," alimwambia.

"Hata kile cha Uingereza ni udongo tu. Subiri nife."

Hakusubiri. Siku ya mashine mwenzangu alibadilisha zamu ili awepo. Katapila ndogo ililetwa na bwana mmoja mnene wa Campbelltown, mwenye asili ya visiwa vya Pasifiki. Kabla hajagusa nyasi, mama alikwenda akasimama mbele ya tuta refu.

"Hapa kuna watu," akamwambia kwa Kiingereza chake.

Bwana akazima injini. "Waliokufa?"

"Wote."

Huwezi kusema alidanganya. Bwana alivua kofia, akatangaza kwamba yeye hagusi kaburi mpaka polisi waje. Mwana akawa mwekundu.

"Baba, mwambie!"

Wote tukamgeukia mzee. Polisi, halmashauri, makaratasi: kunyamaza tu kungeweza kukinunulia kijiji chake miezi mingi, na kwa umri wake miezi mingi ingetosha. Mama alimkonyeza waziwazi. Nikaona midomo ya mzee ikihangaika.

"Si kaburi," akasema mwishowe. "Ni nyumba. Huyu mama amesimama mlangoni."

"Mzee!" mama akafoka kwa Kiswahili, kana kwamba angeelewa. "Si ungenyamaza tu!"

Bwana alirudisha kofia kichwani, na injini ikanguruma. Mzee aliniomba nimpeleke ukingoni kabisa. Mashine ilipozamisha meno yake mara ya kwanza, aliinua fimbo.

"Taratibu! Unapita sakafu! Kwangua, usichote!"

Bwana alimtazama mwana, mwana akainua mabega. Meno yakashuka tena, safari hii kwa upole wa mtu anayemenya kiazi, yakaondoa nyasi peke yake. Mzee aliinama mbele mpaka nikamshika ukosi.

"Vizuri. Sasa hivyo hivyo kuelekea kwenye moto."

Mwanawe, aliyekodi mashine kwa saa, aliuliza kazi itachukua muda gani.

"Sisi kule Uingereza tulichukua miaka," mzee akamjibu, na akaniomba nisogee kidogo, maana kivuli changu kilikuwa kinamzuia kuona.