Washukiwa Wanne na Mwiko wa Kukhu

Juzi nilikuwa kwenye kliniki moja hapa Doha nikisubiri kuitwa, kiyoyozi kilichokuwa juu ya kichwa changu kikaanza kugonga. Tak, tak-tak, tak. Wenzangu kwenye foleni walinuna. Mimi nilijikuta natabasamu peke yangu, mpaka mama mmoja aliyeketi karibu nami akausogeza mkoba wake upande wa pili. Simlaumu. Ukiona mtu mzima anachekea kiyoyozi una haki ya kulinda mali yako. Lakini mlio ule, msomaji wangu, ndio ulionilea, na siku moja ulipokosekana nilimfanyia mtu ninayempenda jambo ambalo nalikumbuka hadi leo.

Tulikaa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tatu, juu ya duka la dobi. Nyumba yetu ilinuka mvuke wa pasi tangu asubuhi. Mama alikuwa muuguzi, na Baba aliendesha basi la kampuni, akiwachukua wafanyakazi Industrial Area na kuwapeleka kwenye ujenzi. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwa na ndugu wa kucheza naye, kwa hiyo nilicheza na kila mtu mzima aliyeingia mlangoni. Waliingia wengi siku ya Ijumaa, maana huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Watu walitoka kanisani Abu Hamour, wakaja kwetu kula ugali.

Ugali huo ulisongwa kwa mwiko wa Kukhu, mamake Mama, uliochongwa Bungoma na kusafiri ndani ya sanduku katikati ya nguo. Mama alipenda kusimulia jinsi afisa wa uwanja wa ndege alivyougeuzageuza mkononi akiuliza ni silaha ya aina gani. Tulishajaribu vijiko vya mbao vya supamaketi. Viwili vilivunjika, kimoja kikiwa mkononi mwa Anko Wafula, ambaye hakuwa anko wangu wa damu bali mlinzi wa hoteli kutoka kwetu, mtu wa mabega mapana aliyeingoja Ijumaa tangu Jumamosi.

Wiki ninayoisimulia, mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa amenitia wazimu. Alikuwa Mwingereza mrefu, Bi Margaret, aliyevaa sweta darasani wakati nje jua linachoma. Alitusomea hadithi ya zamani ya upelelezi ya kwao. Nyumba kubwa mashambani, theluji imeziba barabara, mkufu wa lulu umepotea. Hakuna aliyeingia wala kutoka, kwa hiyo mwizi alikuwa mmoja wao: daktari mwenye ndevu, nahodha mstaafu, mpwa mpenda anasa, au msichana wa kazi aliyetandika vitanda. Kulikuwa na matone ya nta kwenye ngazi, na saa iliyosimama. Mimi niliyezaliwa Bungoma na kukulia kwenye joto la Doha niliiona ile theluji kabisa, nikaikanyaga.

Bi Margaret alifunga kitabu kabla ya ukurasa wa mwisho, akatuambia tutaje mwizi. Karibu darasa zima tuliandika msichana wa kazi. Wala hatukubishana. Kisha akatupa kazi ya nyumbani: kila mmoja atafute fumbo dogo kwao, aandike washukiwa na vidokezo, na kwa kila mshukiwa aeleze sababu aliyokuwa nayo, nafasi aliyoipata na mahali alipokuwa. Nilirudi nyumbani nikiomba kitu kipotee.

Na kweli kikapotea. Ijumaa ile Mama alikuwa amelala, kwa kuwa wiki nzima alikuwa zamu ya usiku, na Baba alikuwa kazini. Aliyefika kwanza ni Anti Rispa. Yeye na Mama walitoka kijiji kimoja. Mama alisoma akawa muuguzi. Anti alikuja Doha kufanya kazi ya nyumba katika jumba moja la Abu Hamour, akipata mapumziko siku hiyo moja tu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, mwepesi wa kunisuka nywele bila kuniumiza. Nilimfungulia mlango, akaenda moja kwa moja jikoni kubandika maji.

"Neke, mwiko mmeuweka wapi?" akaniuliza. "Maji yanachemka."

Haukuwa kwenye droo wala kwenye kapu la vyombo. Mama aliamka akatafuta hadi chini ya jiko. Anko Wafula akafika, akaelezwa, akaketi chini polepole.

"Kuna mchele," Mama akamwambia.

"Mama Nekesa, mchele nakula huko kazini siku sita."

Akajaribu kusonga kwa kijiko cha plastiki. Kikapinda katikati ya sufuria, naye akakitazama kwa huzuni ya kweli. Hapo ndipo nilipochukua daftari, nikavaa miwani ya Baba ya kusomea, nikawaamuru wote waketi kwenye sofa. Walikubali. Walikuwa na njaa na hawakuwa na shughuli nyingine.

Orodha yangu ilikuwa na majina manne. Nilijiandika na mimi, wa mwisho, ili haki itendeke. Mara ya mwisho niliuona mwiko Jumatano asubuhi kwenye droo, kwa hiyo niliulizia siku hiyo, nikaanza na Wafula.

"Ulikuwa wapi Jumatano alasiri?"

"Nilikuwa nalinda geti."

"Nani alikuona?"

"Geti."

Nikaandika hivyo hivyo. Mama naye akasema alikuwa amelala. "Na nimelala kweli. Siku mbili hizi nalala fofofo mchana kutwa, sijui ni nini. Labda ni maombi." Mpelelezi hodari angesimama hapo. Mimi nilifungua ukurasa mwingine, kwa sababu mshukiwa niliyemtaka alikuwa bado.

Nilisimama mbele ya Anti Rispa nikasoma kwa sauti, nikijaribu kuongea kama Bi Margaret. "Mshukiwa nambari moja. Anafanya kazi ya nyumba. Alikuwa jikoni peke yake. Ndiye aliyesema mwiko umepotea. Kwa bosi wake hakuna mwiko, na yeye anautaka."

Wafula aliangua kicheko. Anti naye alitabasamu. Kisha akainuka, akachukua mkoba wake uliokuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, akaufungua zipu na kuanza kutoa vitu, kimoja kimoja, akivipanga mezani. Kitana. Biblia ndogo. Simu. Kopo la mafuta ya kujipaka. Leso, ambayo aliikunjua na kuikung'uta. Akageuza mifuko ya ndani ya mkoba ikatokeza nje. Akavua mtandio wa kichwani, akaukung'uta pia. Alifanya haraka na kwa mpangilio, jinsi mimi nilivyokuwa nikifunga kamba za viatu, bila kutazama mikono.

Cha mwisho kilikuwa biskuti mbili zilizofungwa kwa tishu. Nilizijua. Kila Ijumaa aliniletea biskuti mbili zilizofungwa hivyo.

"Hizi nilipewa," akasema. "Sikuchukua."

Wafula aliacha kucheka. Mama alisema taratibu, "Rispa, huo ni mchezo wa mtoto tu." Anti akajibu, "Najua, dada," lakini alibaki amesimama, mikono imeshuka, akingoja. Nilitambua baadaye kidogo kwamba alikuwa akiningoja mimi nimwambie sawa, rudisha.

Sikusema. Niliona haya bila kujua ni haya ya nini, nikatazama kila mahali isipokuwa mezani. Chumba kilinyamaza kabisa. Nilisikia pasi ya dobi ikipumua kule chini. Sikuwahi kuisikia pasi ya dobi nikiwa sebuleni, tangu tuhamie pale. Nikainua macho kwenye kiyoyozi chetu, lile sanduku kuukuu la dirishani lililokuwa likigonga usiku na mchana, na mwenzangu, hakikuwa kikigonga. Kilikuwa kikitoa baridi kimya kimya.

Nilivuta kiti nikapanda. Kati ya kiyoyozi na fremu ya dirisha, umeshindiliwa barabara, ulikuwa mwiko wa Kukhu, umevishwa soksi ya Baba, ya kahawia, yenye tundu la kidole gumba. Nilipouchomoa, kiyoyozi kikaanza: tak, tak-tak, tak.

Wafula alicheka mpaka akalala sakafuni. Mama aliishika ile soksi kwa vidole viwili, akauosha mwiko mara tatu kwa maji ya moto, akamkabidhi Anti ausonge ugali yeye. Anti akausonga, ukatoka mzuri, tukala. Lakini alikula kidogo, na aliondoka mapema kuliko siku zote. Mlangoni alinipa biskuti zangu. Siku zote aliniambia "Tuonane Ijumaa." Siku hiyo alisema, "Haya, ukae salama." Zile biskuti sikuzila. Zilikaa chini ya mto wangu zikawa unga.

Baba aliporudi alikiri bila hata kuvua viatu. Jumatano, kabla ya kurudi zamu, aliona Mama anajigeuzageuza kitandani kwa sababu ya ule mlio, akakamata kitu cha kwanza kilichotosha pengo. Alidhani atatafuta kipande cha mbao kesho yake, akasahau. Alipoelezwa yaliyompata Rispa alimpigia simu. "Shemeji, mwizi amepatikana. Ni mimi. Nisamehe, nilitaka huyu dada yako alale." Tulimsikia Anti akicheka kwenye simu. Hakusema kama atakuja.

Mama hakunichapa. Aliketi kando yangu akasema, "Mambo ya kufungua mkoba anayafanya huko anakofanya kazi. Hapa alikuwa anakuja kupumzika." Sikuthubutu kuuliza zaidi.

Jumapili, ambayo huku ni siku ya shule, Bi Margaret alitusomea ukurasa wa mwisho. Mkufu ulikuwa umefichwa na mwenye nyumba mwenyewe. Darasa lilipiga kelele za kulalamika. Kazi yangu aliisifu sana, ile soksi ilimchekesha mpaka akafuta machozi, lakini pembeni ya orodha aliandika kwa kalamu nyekundu: "Mbona baba hayumo?" Nilidhani ananikosoa kwa kusahau. Sikuwa nimesahau. Haikunipitia akilini kwamba baba anaweza kuwa mshukiwa. Na jina la Anti, nikikiri yote, nililiandika la kwanza Alhamisi, darasani, kabla sijapata fumbo lolote la kumwekea.

Ijumaa iliyofuata niliketi kwenye ngazi tangu watu waanze kutoka kanisani. Wafula alipita, akanigusa kichwa. Dobi alipanda akashuka. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Anti hatakuja tena, na kwamba nywele zangu zitasukwa na Mama, ambaye alisuka kama anayefunga bandeji. Ndipo nikasikia viatu vyake.

"Afande," akaniambia akihema, "kesi imeisha ama nirudi?"

"Imeisha, Anti."

"Khalas. Basi nishikie mkoba nivue viatu."

Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa maneno makubwa, yote yakanipotea. Nikaupokea mkoba kwa mikono miwili. Zipu ya mfuko wa pembeni ilikuwa imeachwa wazi kidogo, na kwenye uwazi ule niliona ncha ya tishu. Nikaifunga zipu. Nikaupeleka chumbani, nikauweka kitandani kwa Mama, nikaketi kando yake nikiulinda mpaka ugali ulipokuwa tayari, ingawa hakuna aliyenituma.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeajiriwa na Anti anajiandaa kurudi nyumbani Kenya moja kwa moja, tulikuwa tunamenya viazi akanisimulia habari ya bangili. Ilikuwa imepotea katika lile jumba, naye akasimamishwa mbele ya wageni, akaambiwa afungue mkoba. Bangili ilipatikana kesho yake kwenye nguo chafu. Tangu hapo, kila Ijumaa, alikuwa akifungua mkoba mlangoni kwa bosi wake kabla ya kuambiwa. Aliniambia kuambiwa ndiko kunakouma. Aliyasimulia akicheka, kisu hakikusimama. Mimi nilishindwa kumenya.

Ninachokikumbuka zaidi ni jioni ile ya Ijumaa ya pili. Anti alipotaka kuondoka nilimletea mkoba wake. Aliutundika begani, akanipa zile biskuti kutoka mfuko wa pembeni, akasema tuonane Ijumaa, akashuka ngazi. Hakuufungua kutazama kama vitu vyake vyote vimo. Wakati ule nilidhani amesahau tu.