Mama Mkwe Alipokuja Kunishtaki Kwangu Mwenyewe

Chekeni mapema mmalize, maana aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha.

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja, hapa Kigali, nikisomea shahada ya pili ya ushauri nasaha (mama yangu, mshonaji wa Muhima, aliwaambia wateja wake kwamba nasomea "udaktari wa maneno"), na siku hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikiliza mtu mwenye shida ya kweli, si mwanafunzi mwenzangu anayejikamua machozi. Chuo kilikuwa kimepanga nyumba kule Gikondo, ukuta mmoja na gereji, kwa hiyo watu walitoa siri zao kwa kupaza sauti ili washinde nyundo za mafundi. Nyuma ya pazia aliketi Profesa Damaseni na darasa zima wakinisikiliza, na kila anayekuja huambiwa hivyo kwanza, akubali mwenyewe.

Akaingia mama mmoja wa makamo, mtandio wa kijani, mgeni kutoka Butare. Tukasalimiana, akaketi.

"Binti yangu, mimi silali," akasema. "Kijana wangu Idrisa, ule natengenezaka saa pale Muhima, anataka kuoa binti moja iko nasoma vichwa vya watu!"

Moyo ukanilipuka paa. Idrisa fundi saa wa Muhima alikuwa mchumba wangu, na binti wa kusoma vichwa ndiye mimi, Zaituni, niliyekuwa nimeambiwa kwamba mama mkwe atakuja mjini kuniona Ijumaa!

Sasa, kanuni tulifundishwa: ukigundua unahusika na mtu, omba radhi, simama, mwachie mwenzako. Ni rahisi hivyo. Lakini nikajiambia, nisikie kidogo tu halafu nitasimama (nani kati yenu angesimama?), nikakaza uso nikasema kwa sauti ya kitabuni, "Naona jambo hili linakupa wasiwasi, mama."

"Wasiwasi? Binti atakaa ananichungulia moyoni nikichambua maharage! Tena nasikia hajui kupika."

"Nani kakwambia sijui kupika?"

Lilinitoka kabla sijalishika. Nyuma ya pazia Profesa akakohoa. Mama akainamisha kichwa, akanitazama kama anayekagua kitambaa.

"Sijui ao hajui?"

"Ni... ni mbinu yetu, mama. Tunajiweka mahali pa yule anayesemwa."

"Ehee! Basi jiweke vizuri," akasema, akavuta kiti karibu. "Wewe ndiye ule binti. Kwa nini unataka mtoto wangu?"

Ningekimbilia wapi? Nikaanza kujibu, kwanza kwa adabu, kwamba ni mpole, kwamba ni mchamungu, lakini mama akawa anatikisa kichwa, "Hayo ni ya barua ya posa, sema ya kweli," na huko gereji nyundo zikazidi, nami nikazidi kupaza, nikasema siku moja mvua ilinikuta dukani kwake akanipa kiti asiniulize neno hata moja, na mimi nilikuwa nimechoka kuulizwa, na kwamba, "akiinama kwenye saa zake, ana shingo nzuri sana!"

Nyundo zilinyamaza kabla ya neno shingo. Gikondo nzima ilinisikia.

"Shingo gani hiyo, dada?" fundi mmoja akauliza ng'ambo ya ukuta, kicheko kikalipuka, na wenzangu waliokuwa wameliegemea pazia wasikie vizuri wakaanguka nalo, fimbo na vyote, wakarundikana miguuni pa mama mkwe wangu, Profesa akiwa juu.

Nilijifunika uso kwa mtandio wangu. Nikajua nimepoteza shahada na mume kwa mpigo mmoja.

Mama akainuka taratibu, akamsaidia Profesa kusimama, akamfuta vumbi begani.

"Mwalimu," akamwambia, "huyu hajui kusikiliza hata kidogo. Lakini kudanganya pia hajui. Wewe mrudishe darasani, mimi namchukua." Kisha akaninong'oneza, "Hiyo shingo ni ya marehemu baba yake. Hata mimi ndiyo ilinimaliza."

Profesa kweli alinirudisha, nikaanza mazoezi upya muhula mzima, na tangu siku hiyo hakuna mtu anayefungua kinywa mbele yangu kabla sijamuuliza majina ya watoto wake wote, na kazi wanazofanya, na kama yupo anayetaka kuoa.