Viwanja vya Vita, Jasini

Mume wangu alipopunguzwa kazi, badala ya kutafuta kazi nyingine akatafuta vita. Sisemi kwa kejeli, ndivyo ilivyokuwa. Zilikuwa zama za ruksa, serikali imeachia biashara, na kila mtu Tanga alikuwa amefungua kitu: huyu genge, yule mtumba, wa tatu banda la video. Yeye akasema atafungua safari. Watu wanatoka Ulaya kwenda kutazama wanyama kule Arusha, na sisi huku tuna vita nzima ya Mjerumani na Mwingereza imelala bure ardhini, hakuna wa kuitazama. Nikamwambia vita haitazamwi, vita ilikwisha. Akanijibu kuwa mie mwalimu wa shule ya msingi, sina jicho la biashara.

Mteja wa kwanza alikuwa tayari. Kulikuwa na Mjerumani mmoja wa mradi wa maji, kijana mpole, Kiswahili chake kikitosha kuombea chai na kugombezea mafundi bomba. Babake alikuwa mzee sana, huko kwao. Mzee huyo alizaliwa wakati babake mwenyewe yuko huku kwetu na bunduki, na baba akafia Jasini, kule mpakani, hajamtia mwanawe machoni. Kaburi halikujulikana. Sasa mzee alikuwa anadhoofika, naye alitaka kusimama mahali babake alipoangukia kabla hajafa yeye. Kijana akamwomba mume wangu ampangie njia.

Basi tukapanga, tukapanga mpaka tukachanganyikiwa. Sebuleni kwetu Chumbageni ramani niliyoiazima shuleni ilitandazwa juu ya meza, sisi tukawa tunakula jamvini. Mume wangu alitaka siku ya kwanza iwe ya hapa mjini, kule Waingereza waliposhuka na askari wao wa Kihindi wakatimuliwa kwa risasi na nyuki. Ya pili mapango ya Amboni, na yale maji ya moto yanayonuka mayai viza. Ya tatu Tongoni kwenye magofu, ya nne Jasini. Nikamwonyesha kwamba Tongoni iko kusini na Jasini iko kaskazini, kwa hiyo mzee wa watu atapitishwa mjini hapo huku na huko mpaka adhani amepotezwa. Akaigeuza ramani. Nikamwambia, bwana, kugeuza ramani hakuigeuzi Tongoni. Hatukusemezana mpaka magharibi.

Nikaenda Ngamiani kuuliza wazee vita yenyewe ilipiganwa wapi hasa, tusije tukamwonyesha mgeni uwanja wa mpira. Wa kwanza akaniuliza vita ipi, ya Kagera? Wa pili akanishika mkono mpaka penye gofu moja, akaninong'oneza kuwa hapo Mjerumani alifukia rupia, nami nikiwa na mtu wa kuchimba nisimsahau. Bibi mmoja akaapa kuwa nyuki wale walitumwa na mganga wa Kidigo. Jirani yake akaja juu, akasema alikuwa Mbondei. Nilirudi nyumbani kichwa kinavuma. Habari hizo nilikuwa nikizifundisha darasani kila mwaka, na jioni ile ungeniuliza nani alimpiga nani nisingekujibu.

Upande wa Jasini peke yake ndio sikuwa na wasiwasi nao, kwa kuwa shangazi yangu alikuwa huko, dada mkubwa wa marehemu babangu. Alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto, na aliishi peke yake ng'ambo ya Moa, pembeni mwa shamba kubwa la zamani la minazi na mkonge. Shamba hilo lilipokufa, yeye aliingia kwenye ncha yake na jembe, akafyeka, akapanda mihogo na mikorosho. Miaka ya shida, sabuni ilipokuwa kitu cha kuoneshana kwa siri, shangazi ndiye aliyetuvusha. Alikwenda Vanga, ng'ambo ya mpaka, kwa njia za panya akarudi na sabuni na mafuta ya kupikia chini ya kapu la mihogo, akatuletea hadi mlangoni. Wanangu wamelishwa na shamba lile bila kulilima.

Lakini karatasi hakuwa nayo. Na mwaka ule uvumi ulikuwa umeenea kwamba shamba lote la zamani limepata mwekezaji, wapimaji wanakuja, na asiye na ushahidi kwamba ardhi ni yake ataambiwa afunge virago. Shangazi hakuwa na pengine pa kwenda wala kitu kingine cha kula. Kila nilipomwendea, kabla sijatua mzigo, alikuwa na swali moja tu, kama huko mjini nimesikia wanakuja lini.

Tukakata shauri Jumamosi moja twende kwanza na yule kijana, tuikague njia kabla mzee hajaletwa. Simu huko haikuwepo. Nikamtuma Mpemba wa pweza, aliyekuwa akienda Moa kwa baiskeli kununua pweza wa kuja kuuza Ngamiani. Nikamwambia amfahamishe shangazi kuwa tunakuja na Mzungu kuangalia viwanja vya vita, na atuwekee chochote cha kula. Mpemba akasema, "Haya yakhe, salamu zitafika." Na kweli zilifika.

Tuliondoka asubuhi na Landrova ya mradi. Mume wangu alikaa mbele, ramani magotini, akimwonyesha kijana hiki na kile. Kila kichuguu kilikuwa handaki la vita. Tulipopita Amboni alisimulia mapango kana kwamba ameyachimba yeye. Duga tukapinda kulia, tukala vumbi la mikonge mpaka kope zikawa nyekundu, na adhuhuri tukaingia kwa shangazi.

Alikuwa ameketi barazani na hakuinuka. Nikampa mkono, "Shikamoo shangazi." Akaitika marahaba huku anatazama pembeni. Jiko lilikuwa baridi. Mwanamke huyu sijapata kumwona akimwacha hata mgema apite bila kikombe cha uji, na leo hata maji hakutuletea. Nikajiuliza kama anaumwa, au kuna msiba nami sijaambiwa.

Mara mume wangu akaniita kutoka mikoroshoni. Nikaenda. Chini ya mikorosho palikuwa na safu ya makaburi. Matuta yamepangwa vizuri, mawe ya matumbawe kichwani na miguuni, na juu ya kila tuta pamekitwa chombo, sahani hapa, kikombe pale, kama yalivyo makaburi ya kale ya pwani yetu. Mume wangu alinitazama kwa ushindi. Alinikumbusha kuwa nilimcheka, na sasa vita hiyo hapo nje. Kijana alikuwa amevua kofia.

Msimu uliopita niliokota korosho papo hapo, kila mkorosho naujua, na hapakuwa na kaburi hata la paka. Nikainama kwenye tuta la kwanza. Bakuli lililokitwa juu yake lilikuwa na maua ya buluu na ufa ubavuni. Ufa ule niliutia mie mwenyewe, usichanani mwangu, nikagombezwa siku nzima. Sasa askari wa Mjerumani na bakuli la futari la shangazi wamekutana wapi? Niliogopa kwa kweli. Nilidhani akili yangu imeanza kuniacha.

Shangazi akaja, fimbo mkononi. Mume wangu akamwuliza kwa adabu zote kama hawa ni wa ile vita. "Hawa ni wazee wangu," akasema. "Huyu babangu. Huyu mamangu. Yule babu." Akawa anaelekeza fimbo. Babake shangazi ndiye babu yangu, na babu yangu amezikwa Moa, nyuma ya msikiti, kaburi lake nimelifagia kwa mikono yangu. Mume wangu naye, bila kusita, akamgeukia kijana akamfasiria kuwa wenyeji na askari walizikwa pamoja kwa heshima. Nilitamani nimzibe mdomo kwa ile ramani yake.

Nikamshika shangazi mkono nikamwingiza jikoni. Nikamwambia babu yuko Moa. Nikasema bakuli lile nalijua. Hapo akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Wewe mwana wa mdogo wangu," akasema. "Umeniletea mnunuzi hadi mlangoni."

Mnunuzi gani? Ikanichukua kitambo kuelewa. Mpemba alikuwa amemwambia kuwa tunakuja na Mzungu kuangalia viwanja. Basi. Lile neno vita lilidondoka njiani, sijui alilitupa kwa uzito au hakulisikia. Uwanja ukiwa mmoja ni uwanja, kiwanja kikiwa kimoja ni kiwanja, vikizidi vyote huwa viwanja, na mwaka ule neno hilo halikuwa na maana nyingine kwa mtu wa shamba isipokuwa ardhi yako inayokwenda kwa mwingine. Alikuwa amesikia kwamba wapimaji huogopa kupitisha kamba yao juu ya makaburi ya watu. Basi yeye na wanawake jirani wakachimbua mchanga, wakabeba mawe ufukweni, akatoa vyombo vyake kabatini, akajifanyia wafu.

Sijui nieleze vipi nilivyoumia. Aliamini kabisa kuwa nimemuuza, na bado aliniitikia shikamoo. Nikaanza kulia, naye akaanza kunigombeza kwa nini nalia, hayo machozi ni yake yeye. Nikamweleza yote kwa kwikwi: hapa palipiganwa vita, huyu kijana ana babake mzee kule kwao, mzee hajui babake kalala wapi. Akaniuliza kwa nini sikusema hivyo tangu mwanzo. Nikasema ndivyo nilivyosema. Akasema Mpemba yule pweza wake nao hawajawahi kuwa wazima.

Tukatoka nje, nikamwambia kijana ukweli. Mume wangu alinikanyaga mguu mara moja, mara ya pili nikamkanyaga mie. Kijana aliketi juu ya mzizi wa mkorosho. Akavaa kofia, akaivua tena. Nilingoja akasirike, au acheke, na yote mawili ningemwelewa. Kisha akasema kwa kile Kiswahili chake cha mabomba, "Baba hatafuti mifupa. Yeye anataka mahali pa kusimama tu."

Shangazi alikuwa mlangoni. Akauliza huyo mzee ana umri gani. Akauliza kama ni kweli babake hakumwona hata siku moja. Akauliza kama hana kaburi kabisa, hata huko kwao, hata la jina. Kijana akataja umri, na kwa hayo mawili akaitikia kuwa ndivyo.

"Lile la mwisho, lenye kikombe," shangazi akasema, "sijampa mtu. Mwambie babako aje."

Nikamvuta pembeni, nikamwambia anajichongea. Ikijulikana kuwa pamelala askari wa Mjerumani, serikali itasema ni mahali pa historia, itaweka uzio, na shamba litakwenda hivyo hivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema wakiuliza atawajibu kuwa ni mgeni wake. Kisha akaenda kuwasha moto wa chakula.

Mzee aliletwa wakati wa kipupwe. Ratiba ya mume wangu iliharibika yote. Amboni mzee alichungulia mlango wa pango akakataa kuingia, Tongoni hatukwenda, na habari za wale nyuki alizisikiliza kwa upole tu huku anatazama saa. Alitaka Jasini. Sikumwuliza kijana amemwambia nini babake kuhusu kaburi lile, na mpaka leo sijui. Shangazi alikuwa ametandika mkeka. Akampokea mkono mzee wa watu akamkalisha mbele ya tuta lenye kikombe. Mzee akaweka kiganja juu ya mchanga, akalia kwa sauti, na watu wa kijiji waliokuja kumtazama Mzungu wakainamisha vichwa. Shangazi naye akalia. Hawakuwa na hata neno moja la lugha moja. Analia nini, sikuweza kumwuliza.

Wapimaji walikuja baada ya vuli, mwekezaji akiwa wa kweli kweli. Niliitwa, nikafika nao wako mikoroshoni. Mkubwa wao aliyaona makaburi akacheka. Aligusa mchanga kwa ncha ya kiatu, akasema mama, haya ni ya juzi, humo hamna mtu.

"Huyo wa mwisho mwanawe alitoka Ulaya kuja kumlilia," shangazi akamjibu. "Kijiji kizima kilimwona. Wewe wasema hamna mtu?"

Mpimaji akamgeukia mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akasema ni kweli, alimwona kwa macho yake mzee wa Kizungu amepiga magoti hapo, na mtu halii vile juu ya mchanga mtupu. Mpimaji akanitazama mie, mwalimu. Nikasema nami nilikuwepo. Wakaikunja kamba, wakaizungusha nje ya mikorosho, na bikoni, lile jiwe lao la mpaka, ikapigwa ng'ambo ya mihogo.

Mume wangu hakupata mteja wa pili, akafungua genge. Mie nimekaa na jambo lile miaka yote hii, nikiligeuza huku na huku, halikai sawa. Kama tulisema uongo, basi sijui ni nani kati yetu aliyeusema, wala ni nani aliyeibiwa. Wanafunzi wangu waliponiuliza juu ya vita ya Jasini, niliwafundisha ya kitabuni.

Shangazi alifariki msimu wa korosho, kwenye shamba lake, kitandani kwake. Alikuwa ameusia asipelekwe Moa. Imamu aliona ajabu mtu kumwacha babake nyuma ya msikiti akazikwe porini, nikamwambia marehemu ndivyo alivyotaka. Tukamchimbia kwenye safu ile ile, ubavuni mwa lile lenye kikombe. Makaburi ni mengi pale chini ya mikorosho, na aliyemo ni yeye peke yake.